Hawa Watu

Saa mbili usiku sauti iliingia kwenye simu,
ya mwanamume mwenye mafua, hakujitaja jina:
bomba kubwa limepasuka huko juu,
kuanzia kesho Dar hakuna maji, siku kumi,
"hii nimepewa na mtu wa ndani kabisa,
mtumie unayempenda."

Nilicheka. Mimi ni msahihishaji wa gazeti,
miaka kumi na tisa ofisini Gerezani, chini ya taa ya tyubu,
nikiwinda herufi zilizopotea njia.
Uongo naujua kwa harufu,
kama mama ajuavyo maziwa yaliyochacha.
Mtu wa ndani! Ndani ya nini?
Nikageukia ukuta nilale.

Usingizi haukuja. Nikaiwaza Mburahati yote.
Nikamwaza Mzee Ngwale wa chumba cha nne,
anayeamini hata tangazo la dawa ya upara,
nikamwaza yule dada wa saluni, na vijana wa bodaboda.
Hawa watu, nikasema, hawa watu wataamini,
watayakomba maji yote usiku huu huu,
na asubuhi sisi wenye akili tutanawa kwa mate.
Akili za kuambiwa nikazichanganya na zangu,
nikapata ndoo tatu.

Saa nane nikatoka pekupeku, nimeibana mishikio isilie.

Uani palikuwa na foleni.

Hakuna aliyewasha taa.
Sikudhani, mbele yangu, na beseni la mtoto na madumu mawili,
alininong'oneza kabla sijamsalimu:
"Usinione hivi, jirani. Ule upuuzi mimi sijauamini.
Nawahofia hawa watu."
Mzee Ngwale, kifua wazi, kikoi kiunoni,
akadakia kutoka gizani kwamba yeye ameamka tu kwenda msalani.
Alikuwa amekumbatia pipa.
Dada wa saluni alisema anawaonea huruma wasiosoma.
Hapo ndipo nilipoanza kusikia ng'ambo ya ukuta,
nyumba ya pili, na ya tatu, kuteremka hadi bondeni,
plastiki ikigonga plastiki,
watu wakikohoa taratibu kama wezi msibani,
mtaa mzima uko macho
na hakuna hata mmoja aliyeamini.

Maji yakawa uzi.
Uzi ukawa matone.
Bomba likapiga chafya mara mbili, likanyamaza,
na sisi tukatazamana,
giza lilikuwa lile lile, lakini tulitazamana.
"Si nilisema?" akaguna Mzee Ngwale. "Hawa watu!"

Jioni yake habari ikafika mezani kwangu, safu mbili:
hakuna bomba lililopasuka popote;
matangi yamekauka kwa kuchotwa yote usiku mmoja.
Na juu yake, kwa herufi nene: WAMEDANGANYIKA!
Nikatafuta kosa. Tahajia safi.
Alama ya mshangao imesimama mahali pake.
Kalamu nyekundu ikatua juu ya ile WA,
nafsi ya tatu, wingi,
silabi inayonyoosha kidole nje ya dirisha.
TU ingetosha. Herufi mbili kwa herufi mbili,
hata upana wa safu usingeyumba.

Niliishikilia mpaka mtambo ukaanza kunguruma kule chini
na kijana wa usiku akaja kusimama mlangoni, mkono mbele.
Nikaweka alama ya vyema, nikaipitisha ilivyo,
kwa kuwa mimi, hizo ndoo zangu tatu,
ilikuwa ni tahadhari tu.